Mkia wa Pikapu ya Mzee Velji

Jumatatu, 14 Julai

Leo bahati imenipigia honi. Mimi, Pantaleo, baba Nelly, mtaalamu wa usafirishaji (bado natafuta chombo), nimeliona gari la maisha yangu.

Ni pikapu ya umeme. Mzee Velji, mwenye duka la vipuri hapa Shinyanga, ameiagiza kutoka ng'ambo. Kubwa kama kibanda. Haingurumi. Haitoi moshi. Lakini si hilo. Hilo hata feni inalo. Ajabu yake ni kwamba inakata kona kwa magurudumu yote manne! Ya mbele yakigeuka, ya nyuma nayo yanageuka.

Mzee Velji mwenyewe hawezi kuiendesha, magoti yamemchosha. Anataka kuikodisha kwa Mama Serafina kule Geita. Mama Serafina ana karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na njia ya kufika kwenye karasha lake ni nyembamba kama mshipi. Ukiingia, kulia ni ukuta wa mwamba, kushoto bwawa la tope. Lori likiingia haliwezi kugeuka, linatoka rivasi mwanzo hadi mwisho. Mwezi uliopita moja lilidumbukia. Dereva alitoka akiwa rangi ya tope mpaka kope. Sasa mama huyo ametangaza kwamba atakayeleta gari la kuingia na kutoka kwa usalama atapewa kazi ya mwaka mzima. Majaribio Jumamosi.

Wiliam naye anaitaka kazi hiyo. Wiliam wa pikapu ya dizeli inayokohoa! Mtu huyo amenitangulia katika kila jambo tangu darasa la pili.

Mzee Velji aliniuliza kama nimewahi kuendesha chombo cha umeme. Nikamwambia miaka mingi. Ni kweli. Niliendesha mashine ya kusaga mahindi ya mjomba, nayo ni ya umeme.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Justa. Akauliza nani ataendesha. Nikajibu, nani mwingine? Akacheka hadi akaweka mwiko chini. Justa anaendesha bajaji pale stendi, kwa hiyo uelewa wake unaishia magurudumu matatu. Nimemsamehe.

Jumanne, 15 Julai

Siku ya mafunzo. Justa alikuja kunishuhudia, akaegemea mlango wa stoo akila karanga.

Mzee Velji akaeleza taratibu. Gari likienda polepole, magurudumu ya nyuma yanageukia upande wa pili wa yale ya mbele, ndiyo maana linageuka mahali padogo. Likienda kasi, ya nyuma yanafuata ya mbele kidogo tu, gari lisiyumbe. Halafu kuna kitufe chenye picha ya kaa. Ukikibonyeza, yote manne yanaelekea upande mmoja na gari linatembea mshazari. Akasema pia jambo refu kuhusu mkia: ukiwa karibu na ukuta usikate usukani ghafla, maana mbele ikienda kushoto, mkia unatupwa kulia. Hapo nilikuwa natafuta redio.

Kisha nikaingia kwenye uchochoro wa nyuma ya duka. Hapo hata mkokoteni huwa unageuzwa kwa kubebwa. Nikazungusha usukani. Pikapu ikageuka mara moja tu, kama mtu aliyeitwa jina! Majirani wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa heshima.

Nikarudia, ili waliochelewa wasikose.

Mkia ukafagia kitanda cha kamba alichoanikia papadi, zile chapati kavu nyembamba za dengu, Mama Kantaben, mke wa Mzee Velji. Papadi za wiki nzima! Zilipaa kama kunguru weupe. Mama Kantaben akatoka akanisema kwa Kigujarati, akahamia Kiswahili, akamalizia kwa Kisukuma. Katika lugha zote tatu nilielewa vizuri. Nikamwambia ni mbuzi. Akaniuliza mbuzi yuko wapi. Nikasema amekimbia.

Justa aliendelea na karanga zake, akiangalia magurudumu ya nyuma.

Jumatano, 16 Julai

Mzee Velji aliagiza gari lipumzike, lichajiwe, tayari kwa safari. Lakini nikapata habari kwamba Wiliam yuko mnadani Mhunze, kule Kishapu, anawaambia watu kuwa gari langu ni mwanasesere. Mtu mwenye hadhi hawezi kukaa kimya. Nikamwambia Mzee Velji nakwenda kulijaribu mpaka mwisho wa barabara. Sikusema barabara ipi.

Mnada ulikuwa umejaa. Ng'ombe, wanunuzi, wapiga debe, kipaza sauti. Nikawasalimu wote kwa Kisukuma kupitia dirishani, mwangaluka, mwangaluka! Nikabonyeza kaa.

Gari likaanza kutembea mshazari. Watu wakaachama. Nikaenda, nikarudi, nikaenda tena, kiyoyozi kikivuma na redio juu. Mzee mmoja mwenye fimbo akanisimamisha akauliza kwa upole kama gari linaumwa kiuno. Nikamweleza kuwa ni teknolojia. Akasema pole sana.

Wasioelewa teknolojia ni ng'ombe. Wamezoea gari linalokwenda linakotazama. Dume moja jeusi liliona taa za mbele zinatazama kaskazini na ubavu unalijia lenyewe. Likakata kamba. Wenzake wakalifuata. Mpaka saa hizi nadhani kuna ndama ambao hawajapatikana.

Niliondoka kwa kasi ya heshima. Nusu ya njia, porini, gari likanyamaza. Yaani, lilikuwa limenyamaza siku zote, kwa hiyo nilikanyaga pedali kwa muda kabla ya kugundua. Chaji imekwisha! Nikajaribu kulisukuma. Gari hilo halisukumwi. Ni kama kusukuma kanisa.

Nani akatokea? Wiliam. Akashuka, akalizunguka gari, hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Akarudi mnadani, akaja na jenereta ya yule wa kipaza sauti. Akaiwasha, ikanguruma, ikatoa moshi mweusi, na gari langu safi likaanza kunyonya umeme taratibu.

Wiliam akakaa kwenye kivuli cha pikapu yake akasema, "Kumbe na lako linakunywa mafuta. Tofauti, lenyewe linatumia mrija."

Namchukia mtu huyu.

Ijumaa, 18 Julai

Safari ya Geita. Mzee Velji amekataa kuachia ufunguo mpaka Mama Nelly awemo garini. Nafikiri anajali mlo wangu. Nelly tumemwacha kwa Mama Kantaben, ambaye ananisalimu kwa kope tu.

Niliendesha hadi Kahama. Kwa kasi gari hili ni tulivu ajabu. Basi lilitupita likitupiga upepo, nikakwepa, na pikapu ikahama upande mzima mzima, bila kutikisa kiuno. Justa mwenyewe alikiri kwamba bajaji yake ingekuwa shambani.

Kahama tukachaji kwenye gesti. Nilipochomeka waya, jengo lote likazimika. Kulikuwa na mpira kwenye televisheni, penalti inapigwa. Nikawa wa kwanza kuuliza kwa sauti kubwa ni nani aliyezima umeme. Fundi akaja, akarekebisha, tukakaa pale hadi alasiri.

Baada ya hapo nikahamia kiti cha nyuma kukichunguza. Niliamka Geita. Justa ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Barabara ilikuwa nyoofu, si kazi ngumu.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa ndani ya blanketi mbili. Ni baridi.

Mama Serafina ni mama mwenye gambuti za kijani na sauti inayofika kabla yake. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akikagua tairi. Wachimbaji walikuwa wamejipanga juu ya mwamba, vumbi jekundu mpaka masikioni, kama watazamaji wa fainali.

Wiliam akatangulia. Akaingia na mifuko ya mawe, akapakua kwenye karasha, kisha akaanza kurudi rivasi, kichwa nje, shingo imepinda, vijana wanampigia kelele kushoto, kulia, simama! Gurudumu lake lilipita shibiri moja kutoka kwenye bwawa. Alifika, lakini shati lilikuwa kama limetoka kufuliwa.

Zamu yangu. Niliingia vizuri. Nikapakua vizuri. Na pale mwisho, kwenye kiwanja kidogo mbele ya karasha, nikazungusha usukani, na pikapu ikageuka kwa mara moja, pua ikatazama nilikotoka. Wachimbaji walilipuka! Mama Serafina alitabasamu, nimeshuhudia kwa macho yangu. Kazi ilikuwa yangu. Kilichobaki ni kutoka moja kwa moja, kama mtu anayetoka dukani.

Ila Wiliam alikuwa amesimama pale kwenye mwamba, hapigi makofi. Nikaona nimsogelee kidogo, nimpungie mkono. Nikakata usukani kushoto kwa madaha.

Mbele ikaenda kushoto. Mkia ukaenda kulia.

Nikasikia ardhi inamomonyoka. Gari likainama. Kwenye kioo sikuona njia, niliona tope. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa hewani, juu ya bwawa.

Nikatoka. Wengine wanasema niliruka. Nilikuwa napunguza uzito.

Watu wakaanza kupiga kelele. Mmoja anataka kamba, mwingine anataka greda, mwingine anasema liachwe lianguke, wataokoa vyuma. Nilimfikiria Mzee Velji na magoti yake. Nilisimama tu. Ndipo nikamwona Justa anapita katikati ya wanaume, khanga ameikaza kiunoni, anafungua mlango.

Nikamshika mkono. "Mama Nelly, usipande. Tafadhali. Gari ni chuma tu."

"Baba Nelly, niachie," akasema. "Na usimame mbali na mkia."

Akawaomba wote warudi nyuma. Akafunga mkanda. Akabonyeza kaa.

Magurudumu yote yakaelekea upande wa mwamba, mbele na nyuma, sawasawa. Lile la hewani likazunguka bure. Ukingo ukadondosha bonge jingine, tope likasema blupu. Sitaandika nilichokuwa nawaza. Niliwaza jina la mtoto wetu na jinsi ya kumweleza.

Kisha yale matatu yakashika. Pikapu ikaanza kuondoka ukingoni kwa ubavu, pole pole, mkia bila kuyumba, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi kumpisha mgeni. Gurudumu la nne likagusa ardhi. Justa akazima kaa, akanyoosha usukani, akatoka nalo mpaka kwa Mama Serafina, akashusha kioo.

"Shikamoo tena, mama," akasema. "Magari ya hivi yanataka kusogezwa kwanza, ndipo ukate kona."

Nikauliza baadaye alijulia wapi. Akasema alikuwepo siku ya mafunzo. Mzee Velji alieleza. Yeye alisikiliza.

Mama Serafina ametoa kazi. Gari limepata. Dereva ni Justa. Wiliam atakuwa akileta maji na dizeli ya jenereta, barabara ya juu, kusiko na bwawa. Nami nikauliza nafasi yangu. Mama Serafina akasema yangu ni kukaa Shinyanga.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi kwa pikapu ya Wiliam. Justa amebaki, dada yake atakaa na Nelly na kushika bajaji kwa sasa. Aliponiaga alinifuta vumbi usoni, akaniambia nile vizuri. Nikataka kumwambia kwamba jana alinitia hofu kuliko kitu chochote. Nikamwambia aangalie presha ya tairi.

Njia nzima Wiliam hakunicheka. Karibu na Kahama akasema tu kwamba nina mke. Nikamjibu najua. Akasema hapana, hujui. Akaninunulia soda. Bado namchukia, ila kwa leo nimepumzika.

Jumanne, 22 Julai

Justa amepiga simu. Kazi inakwenda vizuri mno. Lori likitoka mara moja, yeye ametoka mara nne, pua mbele. Wachimbaji wamempa jina la Mama Kaa. Mzee Velji anacheka peke yake dukani. Hata Mama Kantaben amenipa papadi moja. Iliyovunjika, lakini ni papadi.

Nimewaeleza watu wa mtaani ukweli: nililipeleka gari ukingoni makusudi, ili mteja aone linavyoweza kujiokoa. Huo ndio utangazaji wa biashara. Wachache wameelewa.

Sasa nimetulia, nimetafakari kwa kina, na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa umeme.

Watu wa Kishapu hawahitaji umeme. Wana mikokoteni ya ng'ombe, na mikokoteni yote ina kasoro moja ambayo babu zetu hawakuiona: ng'ombe wanafungwa mbele tu! Kwa nini mbele tu? Mkokoteni wangu utakuwa na magurudumu manne, na ng'ombe wawili mbele, wawili nyuma. Mbele wakienda kushoto, nyuma wanakwenda kulia. Utageuka juu ya sahani.

Baba mkwe amekubali kuniazima ng'ombe wake wanne. Nimemwambia ni kubeba pamba. Hajui ana hisa katika historia.

Fundi wa kuchomelea ameanza kazi leo mchana. Aliniuliza hao ng'ombe wa nyuma watakuwa wanatazama upande gani. Nimemwambia achomelee tu, mambo ya utaalamu aniachie mimi.