Ugali wa Wajumbe

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Nimerudisha fomu ya udiwani. Picha nilipiga mjini, nimetoka jicho moja limefumba. Mpiga picha anadai ndivyo nilivyo. Nimemweleza kuwa mimi ni Mheshimiwa Bartolomayo, diwani kwa miaka kumi sasa, na macho yangu yote yanafanya kazi. Picha hakuirudia.

Ofisi ya chama wananiambia nina mpinzani. Mimi! Tena nani? Castory wa duka! Juzi tu alikuwa anauza chumvi na viberiti juu ya meza. Biashara zimeachiwa huru, sasa ana mitumba, ana sabuni za rangi tatu, ana kipaza sauti cha mkono. Eti na udiwani anautaka. Wajumbe arobaini na wawili wa kata, nami nimo, watapiga kura za maoni Jumamosi.

Mke wangu Debora kasikia. Hakugomba, na afadhali angegomba. Kanikumbusha kwamba mashine ya kusaga tuliinunua kwa zabibu zake, na kila uchaguzi mimi naigeuza chombo cha siasa. Halafu kaweka sharti. "Baba Lydia, ukishindwa safari hii, ufunguo wa mashine unakaa kwangu. Usije kuuomba tena."

Nimekubali palepale, maana sishindwi. Lakini chai imenishinda kumaliza. Bila udiwani na bila ufunguo, hapa kijijini nitabaki mume wa Mama Lydia basi.

Jumanne, 6 Septemba

Castory kaja kusimama mbele ya mashine yangu, pale wanawake wanaposubiri zamu, anatangaza kwamba ataleta kisima. Kisima changu! Nimekiahidi mimi mara mbili, kila mtu anajua. Huu ni wizi wa mchana kweupe.

Nimekaa nimewaza, nikapata. Kesho na keshokutwa kusaga ni bure kwa kata nzima. Bure kabisa, ila kila mtu aache bakuli moja la unga kwenye gunia langu. Jumamosi wajumbe watakula ugali wa nguvu kabla ya kura, na mimi sijanunua hata punje. Nimecheka peke yangu mpaka Sila, fundi wa mashine, akauliza kama nimeamka salama.

Alhamisi, 8 Septemba

Foleni imefika kanisani. Castory kafunga duka saa sita, hana mteja. Moyo wangu mweupe kabisa.

Kasoro kero moja. Debora ana sheria yake kwamba kimea, yaani ule mtama uliooteshwa wa kupikia pombe, kinasagwa Alhamisi tu, na jioni Sila anafagia mashine nzima. Nimeifuta. Kura hazisubiri Alhamisi. Tangu jana mtama, uwele na kimea vinapita kwa pamoja, na kumbe nusu ya wanawake walikuwa na kimea ndani! Sila kauliza bakuli za kimea amwage wapi. Nimemjibu gunia ni moja.

Debora kapita akitoka shambani, kachota unga kidogo, kaulamba. Akaanza kunieleza habari za uji wa watoto, eti kina mama wanatia kijiko kimoja tu cha kimea na uji mzito unalainika. Nimemkatiza. Mimi natafuta kura, yeye ananiletea mambo ya kliniki. Unga ni unga.

Bibi Loisi, balozi wa nyumba kumi, kaniita mtoto mwema. Nikampa shikamoo ya pili. Hana jino hata moja, lakini kura anayo.

Ijumaa, 9 Septemba

Beberu kafika kutoka Mvumi kwa shemeji Daudi. Kaja kwa miguu, na nusu yake imebaki njiani. Si kitu, supu itakuwa nyingi.

Debora kagoma kupika, anamwagilia zabibu. Atapika Tabu, mke wa Sila. Naye kautazama ule unga akakunja uso. Nyumba yote hii ina wataalamu! Kuni nimenunua kwa Matonya, mbichi kidogo ila nyingi.

Jumamosi, 10 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Wajumbe wamekuja wote, wamenawa, wamekaa. Nimesimama kuhutubia. Nikiwa nimefika kwenye ahadi ya kisima, Tabu ananiita kwa mkono. Nimeendelea. Ananiita tena. Nimekwenda. Ndani ya sufuria hakuna ugali. Kuna uji! Anasema alikoroga ukashika vizuri, halafu ukalegea mbele ya macho yake. Nikaamuru aongeze unga. Kaongeza, ukalegea zaidi. Nikashika mwiko mwenyewe, nikamwaga bakuli tano kwa mkupuo. Jamani! Kila nikiongeza unazidi kuwa maji, tena mtamu.

Watu wamenawa tangu saa nzima iliyopita. Ningefanyaje? Tumepakua hivyohivyo, na mlenda juu. Wajumbe wanachovya vidole vitano, wanatoa vidole vitano. Mmoja kauliza kama kadi za kliniki za watoto zinahitajika. Nimetamani ardhi inimeze na sufuria yake.

Ndipo Castory kainuka. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Katuma mtu dukani kwake, yakaja maboksi mawili ya vijiko vipya, kimoja kimoja kwa kila mjumbe. "Kuleni, wazee wangu. Na vijiko ni vyenu, nendeni navyo." Chakula changu, mbuzi wangu, vijiko vya Castory!

Matokeo: Castory kura arobaini, mimi mbili. Kura moja niliipiga mwenyewe.

Jumapili, 11 Septemba

Castory kakaa benchi la mbele kanisani. Watu wanamwita Mheshimiwa, na ibada ilikuwa haijaisha. Miaka kumi nimegeukia jina hilo. Leo nimegeuka, kumbe si mimi. Imeniuma sana.

Baada ya chakula nimeutoa ufunguo mfukoni, nikauweka mezani. Debora kaufunga kwenye pindo la kanga. Hakunisimanga. Kasema tu Alhamisi nije nifagie mashine, kimea kikishasagwa.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimefagia. Mgongo hauna hamu. Wanawake wamepanga foleni, hakuna kelele, Debora anaita zamu. Mashine inaunguruma vizuri kuliko wakati wangu, nadhani Sila kaitengeneza kwa makusudi ili kunikera.

Lakini Mungu si Castory! Kaja kijana nadhifu kutoka Ipagala, anaitwa Erick, ana mkoba na kadi za chama kipya. Wanatafuta mgombea udiwani kata hii. Nimemwambia amemkuta. Kamati yao ina wajumbe saba tu. Saba! Hao nitawalisha vizuri Jumamosi ijayo.

Na kura ya pili nimeijua. Ni ya Bibi Loisi. Kanishika mkono akasema tangu meno yamtoke hajala ugali akashiba namna ile. Sasa nani atasema unga wangu ulikuwa mbaya?

Nusu gunia limebaki. Nimemkuta Debora analikokota kuelekea kwa nguruwe, nikamnyang'anya. Na vumbi lote la unga nililofagia leo chini ya mashine, zaidi ya kilo tatu, nimelimimina humohumo.

Debora kaeleza tena habari ya kimea. Sila kaeleza. Tabu naye kaeleza, kanawa mikono kabisa ndipo akaeleza. Nimewasikiliza wote watatu kwa adabu, mpaka mwisho.

Kosa lilikuwa kuni mbichi. Safari hii natumia mkaa.