Mirija Arobaini

Jumatatu, 3 Juni
Vumbi la kiangazi limeleta mafua Nyakahura. Jana kanisani muuguzi Bernadetha alitangaza kuwa Jumapili ijayo kigango chetu kitachagua msimamizi wa kinga. Ni mimi, bila shaka. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na minne. Mpinzani ni Fideli, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyewahi kuandika kwamba mapafu yapo mawili: moja la kuvuta hewa, jingine la kuitoa.

Jumanne, 4 Juni
Nimetundika kibuyu chirizi uani: dumu, kamba, kijiti cha kukanyaga. Nikawaeleza majirani kwa nini mikono huoshwa sekunde ishirini. Maelezo yalichukua saa moja na nusu. Maji yakaishia kwenye mifano. Wote wamekwenda kunawa kwa Fideli. Yeye haelezi chochote. Ameweka sabuni tu.

Jumatano, 5 Juni
Kikohozi kidogo. Vumbi. Lakini wazo kubwa: kwa Agripina, muuza rubisi, pombe yetu ya ndizi, mrija mmoja huzunguka midomo ya wazee kumi. Kila mnywaji nitampa wake.

Alhamisi, 6 Juni
Matete arobaini ya kunywea, kila moja na jina, hati safi. Mzee Irakoze alinuna. Kwetu mrija hupokewa mkononi mwa jirani, alisema. Anayekuja na wake anamshuku mwenzake kwa sumu. Nilimweleza kwa upole hadi akachukua, nadhani ili ninyamaze. Yote arobaini yamekwisha. Nilirudi nikitembea katikati ya barabara.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu Kankindi ameuliza nilijuaje kama matete yanapitisha. Nikamweleza: fundi makini hupima kazi yake. Nilipuliza kila moja, mara mbili. Ameziba mdomo kwa khanga, akasema, mzee, kalale. Fahari imemzidi.

Jumapili, 9 Juni
Katekista alikatiza somo mara tatu kwa kikohozi cha watu. Bernadetha aliomba wanaoumwa wainue mikono. Thelathini na nane. Majina yote nayajua, niliyaandika mwenyewe. Amechaguliwa Fideli. Alikuja, akaniamkia shikamoo Mwalimu, akanisihi nikohoe kwenye kiwiko. Marahaba. Nikamkumbusha nani alimfundisha kiwiko kiko wapi.

Jumatatu, 10 Juni
Kosa nimeligundua: matete hayakukauka vizuri. Sasa nashona barakoa, tabaka mbili. Thelathini tayari. Nimezivaa zote, moja baada ya nyingine, kuhakikisha zinakaa sawasawa puani.