Damu ya Bwana Harusi, Kitambaa cha Vidole

Habari yenyewe ilikuwa ya wiki iliyopita, kwa sababu Dobi hanunui gazeti la kusoma, hununua la kufungia mashati. Lakini kwenye benchi letu la kahawa habari haichachi. Alilinyoosha gotini akasoma kwa sauti ya mtu anayejua kwamba kuna atakayeumia.

"Watafiti wa mifugo wanasema ng'ombe hurithi kwa wazazi wake uwezo wa kutoa maziwa mengi. Hurithi pia wepesi wa kuugua kiwele. Mara nyingi mambo haya mawili huja pamoja."

Akaishia hapo, akamtazama Mwenyekiti. Sote tukamtazama Mwenyekiti.

Mwenyekiti hana kikao anachokiongoza. Tunamwita hivyo kwa sababu ana fahali, na fahali huyo, anayeitwa Bwana Harusi, ndiye baba wa karibu kila mtamba anayelia mtaani. Asubuhi hiyo alituita kwa jambo moja tu: tumfukuze Vidole.

Vidole ndiye mkamuaji wetu. Kila alfajiri hupita nyumba nne na ndoo yake. Sasa katika nyumba hizo nne, tatu zina ng'ombe aliyevimba kiwele, maziwa yanatoka na mabonge, na kituo cha maziwa kimeyarudisha siku tatu mfululizo. Vidole alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono kaibana katikati ya mapaja kama mtu anayeficha ushahidi. Alijua, na sisi tulijua, kwamba Mwenyekiti akimwacha, wale wengine watamwacha kabla ya adhuhuri. Mtaa wetu hauna maoni yake. Husubiri kwanza Mwenyekiti akohoe.

"Umeishia wapi hapo?" Mwenyekiti akauliza.

"Nimeishia palipo patamu," Dobi akasema.

"Hilo gazeti limetumwa. Fahali wangu hana ugonjwa. Fahali ana kiwele?"

"Hana," Shangazi akadakia. "Nawe huna nywele, na watoto wako wote wamerithi upara."

Benchi likatikisika. Shangazi ana ng'ombe mmoja na ulimi mmoja, na vyote viwili havipumziki. Ng'ombe wake ni binti wa Bwana Harusi, na ni mmoja wa wale watatu wagonjwa.

"Shangazi, heshima."

"Heshima nimeiacha nyumbani inakanda kiwele kwa maji ya moto. Huyo fahali wako nilimsifu mwenyewe. Nilisema binti zake wanatoa maziwa kama bomba lililopasuka. Kumbe bomba lililopasuka ni bomba bovu."

"Maziwa ya binti zake umeyanywa au hukuyanywa?"

"Nimeyanywa."

"Basi usitukane mkwe uliyekula mahari yake."

Dobi akapiga makofi mara moja, kwa haki. Hiyo ilikuwa nzuri.

Mwenyekiti akaona amepata upepo. "Sikilizeni. Mimi ni mtu wa mambo ya wazi. Anayegusa hayo maziwa kila siku ni nani? Bwana Harusi yuko kwenye zizi lake, anatafuna. Mikono inayoingia kwenye viwele vyote ni ya huyu hapa. Dobi, soma mbele. Gazeti haliwezi kuwa na aya moja."

Dobi akasoma, safari hii kwa uvivu. "Hata hivyo, urithi ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa hutokana na uchafu wa banda, vyombo, na mikono ya mkamuaji."

"Ishia hapo," Mwenyekiti akasema.

"Si ulisema nisome mbele?"

"Imetosha. Hilo gazeti lina akili kuliko nilivyodhani."

Vidole akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mwenyekiti, mimi nakamua tangu nina miaka kumi na miwili. Mikono yangu ng'ombe wanaijua. Wa Shangazi akinisikia tu getini, maziwa yanaanza kudondoka."

"Hata mlevi mlango wa kilabu unamjua," Mwenyekiti akasema. "Hiyo si sifa."

Mimi hutengeneza redio. Kazi hiyo imenizoesha jambo moja: sauti ikikatika, usikate waya wa kwanza unaouona. Nikaomba niulize.

"Fundi naye," Dobi akaguna. "Haya, leta bisibisi."

"Ng'ombe wanne," nikasema. "Wa Mwenyekiti, wa Shangazi, wa Mwalimu mstaafu, na wa Mkunga. Wagonjwa ni wale watatu wa mwanzo. Wa Mkunga ni mzima. Sawa?"

Wakakubali.

"Binti za Bwana Harusi ni wepi?"

"Wote, isipokuwa wa Mwalimu," Shangazi akasema. "Mwalimu alimnunua wake mbali, akiwa na mimba. Alisema hataki undugu na mtu yeyote mtaa huu."

"Basi kama ni damu peke yake, wa Mwalimu asingeugua, na wa Mkunga angekuwa kitandani."

Mwenyekiti akapiga paja. "Nilisema. Ni mikono."

"Na kama ni mikono peke yake, wa Mkunga naye angeugua. Anakamuliwa na Vidole huyuhuyu."

Paja likabaki bila kupigwa.

"Vidole," nikasema, "kwa Mkunga unafanya nini ambacho kwingine hufanyi?"

Akafikiri. "Kwa Mkunga sifanyi mimi, nafanyiwa. Nikifika ananisimamisha mlangoni kama mzazi mwenye uchungu. Maji ya moto, sabuni, mpaka kwenye kiwiko. Kitambaa changu anakitupa nje, ananipa chake. Anasema hajawahi kumpokea mtoto kwa tambara na hataanza na maziwa."

"Kitambaa chako kipi?" Dobi akauliza, na sauti yake ikabadilika. Alikuwa ameacha mzaha, alikuwa kazini.

Vidole akakitoa mfukoni. Sitaki kukionea. Kiliwahi kuwa cheupe, nadhani, au angalau kiliwahi kukutana na kitu cheupe.

Dobi akakishika kwa ncha mbili za vidole. "Kinafuliwa lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?" Shangazi akauliza.

Vidole akaanza kuhesabu wiki, akaacha njiani.

"Mwanangu, unataka kuniambia unamfuta wa Mwenyekiti kwa hiki, halafu unakuja kumfuta wangu kwa hikihiki?"

"Na wa Mwalimu, Shangazi. Nimefundishwa hivyo. Naanza nacho kwa Mwenyekiti, kwa heshima. Kila siku yeye kwanza."

"Na ng'ombe wa Mwenyekiti alianza kuugua lini?" nikauliza.

Mwenyekiti akatazama barabarani. Mwishowe akasema, kama anayemsema mtu mwingine, kwamba huyo ng'ombe huvimba kila anapozaa, na bibi yake, mama wa Bwana Harusi, alikuwa hivyohivyo, tangu Vidole hajaota ndevu.

"Basi fundi amemaliza," Dobi akasema. "Damu imeacha mlango wazi, kitambaa kimeingiza mwizi. Na mwizi anapita kwa itifaki, anaanza kwa mkubwa."

Akarudi kwenye gazeti, akasogeza jicho karibu kwa sababu pale chini pasi ilikuwa imepaunguza. "Aya ya mwisho hii hapa. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Na ng'ombe mgonjwa akamuliwe mwisho."

"Sote watatu tuna wagonjwa," Mwenyekiti akasema haraka.

"Wangu tangu juzi," Shangazi akasema. "Wako tangu enzi za bibi yake. Tunaanza kwa Mkunga, na wewe unafunga."

"Mwisho? Mimi?"

"Si wewe, ng'ombe."

"Shangazi, tangu enzi za baba yangu, mtaa huu unakamuliwa kuanzia kwetu. Baba yangu hakuwahi kukamuliwa mwisho."

"Baba yako alikamuliwa?" Dobi akauliza kwa upole.

Hapo hata Vidole alicheka, halafu akakumbuka kwamba bado ni mshitakiwa.

Mwenyekiti akanyanyuka nusu, akakaa. Nilimwona akipima. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akageuka kabisa. "Haya. Nimelitafakari gazeti. Ni damu. Mnasikia? Ni urithi. Kijana hana kosa, aendelee na kazi yake. Na kama ni damu, foleni haina maana, kwa hiyo ataanza kwangu kama kawaida."

"Ni damu?" Shangazi akauliza.

"Ni damu tupu."

"Vizuri. Wangu akiingia joto mwezi ujao, Bwana Harusi asisogee getini kwangu. Nitamwita mtaalamu aje na mbegu ya fahali mwingine, ambaye binti zake wana viwele visivyougua ovyo. Dobi, wewe unapita nyumba zote na mashati. Waambie watu Mwenyekiti mwenyewe amekiri."

"Nitawaambia leo," Dobi akasema. "Nina mashati kumi na moja."

Mwenyekiti akichagua damu, fahali hana ajira. Akichagua kitambaa, yeye yuko mwisho wa foleni. Akainywa kahawa yake yote kwa pumzi moja, na ilikuwa ya moto.

"Vidole," akasema mwishowe.

"Naam, Mwenyekiti."

"Utanunua vitambaa vinne."

"Kwa hiyo kesho nakuja?"

"Nimesema nini? Utavifua kila siku. Dobi atakuonyesha." Akajikuna kidevu, akashusha sauti kana kwamba sisi wengine tumekwisha kuondoka. "Ukianza kwa Mkunga, kwangu unafika saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, Mwenyekiti."

"Sawa. Watu wakikuuliza kwa nini kwangu unafika jua limeshatoka, waambie siku hizi mimi nachelewa kuamka."