Samaki Wawili wa Ukutani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeficha jambo kwa miaka arobaini. Samaki wa kwenye picha iliyotundikwa sebuleni kwetu, yule aliyenipatia kikombe cha chama cha wapiga picha, sikumpiga picha mimi. Basi. Nimeandika. Aliyempiga nitamtaja nikipata nguvu. Daktari wa moyo amenishauri niweke mambo yangu sawa, na hakucheka aliposema.

Nimeamua hivi: kabla sijafa, nipige samaki mmoja wangu mwenyewe, bora kuliko yule. Hapo nitaungama kwa raha zangu. Maonyesho ya chama ni Jumamosi. Mwenyekiti, mfamasia mstaafu, hasimu wangu tangu ujana, ametangaza kwamba mwaka huu hapokei picha za zamani. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Pale pa kungojea pana tangi la kioo lenye samaki mmoja mnono, wa rangi ya chungwa. Nimempa jina Mkaguzi: anakukodolea macho kama mkaguzi wa shule, kisha anageuka kabla hujajieleza.

Picha kumi na nane! Zote ni mwanga wa flashi, na nyuma yake mzee aliyevaa sweta. Katika moja Mkaguzi anachungulia kutoka sikioni mwangu. Na mimi nimefundisha uakisi wa mwanga miaka thelathini na moja. Aibu.

Jumatano, 5 Machi
Dawa ya uakisi ni giza. Nilijifunika blanketi jeusi gubigubi, mimi na kamera yangu, nikavizia. Mle ndani mlikuwa na joto zuri. Nikapitiwa na usingizi.

Niliamshwa na ukelele. Mgonjwa mwenye shavu lililovimba alikuwa amekaa kando yangu, akaona mtu kafunikwa hadi utosini, akauliza huyu naye aling'olewa jino gani. Daktari akaja mbio kunipima mapigo ya moyo. Wagonjwa wawili waliondoka bila kuaga. Binti yangu akaninong'oneza huku ameuma meno: "Baba, watu wanakuja kutibiwa meno, hawaji mazishini!"

Alhamisi, 6 Machi
Chambo! Nilimmwagia Mkaguzi makombo ya mkate ili asogee kiooni. Nusu mkate. Maji yakawa uji, Mkaguzi akatokomea humo.

Saa hiyo hiyo mfamasia akaingia kurekebishiwa meno ya bandia. "Mzee mwenzangu," akasema, "miaka arobaini samaki mmoja! Huyo wako hazai?" Nilimjibu kwamba sanaa haina papara. Akavua meno, akaongeza neno ambalo sikulielewa. Nadhani ni heri.

Ijumaa, 7 Machi
Maji yamebadilishwa. Aliyeyabadilisha ni binti yangu, na hanisemeshi.

Mchana, chumba kikiwa kitupu, alinionea huruma. Akasema nizime flashi, nibandike lenzi kwenye kioo kabisa. Nikamweleza sheria za uakisi, ya kwanza na ya pili. Akasema hizo hazijui, ila Mama alikuwa akifanya hivyo. Nilikohoa sana. Kisha nikamwachia kamera, nikaenda msalani, na kwa umri wangu hiyo ni safari.

Jioni nikaifungua kamera. Mkaguzi! Kila gamba linaonekana, mdomo wazi, jicho kama anataka kuniona ofisini. Binti yangu anasema alikuwa anajaribu tu. Picha nimeichapisha kubwa. Nimetia saini pembeni, isije ikapotea.

Jumamosi, 8 Machi
Mfamasia alisimama mbele ya Mkaguzi muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akanishika mkono mbele ya watu wote. "Nilikushuku miaka yote hii, ndugu yangu. Nisamehe."

Ilikuwa ndiyo nafasi yenyewe. Binti yangu alikuwa kando yangu, ananitazama, anangoja. Nikafungua kinywa. Nikasema siri ni kuzima flashi na kubandika lenzi kwenye kioo.

Wamenipa kikombe cha pili. Binti yangu amenirudisha nyumbani, akapigilia msumari mwingine sebuleni. Nitaungama mwakani, nikishapata wa tatu.

Ila moyo leo unadunda vibaya, basi niandike. Samaki wa kwanza alipigwa na marehemu mke wangu. Wa pili, na binti yake. Mara zote mbili mimi nilikuwa msalani.