Malalamiko ya Mwanafunzi Anayetakiwa Kumwamkia Kitinda Mimba Wake

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyetuamsha leo salama. Hujambo? Na goti linaendeleaje? Jumanne nilikuona ukipanda ngazi za ofisi kwa ubavu kama kaa, nikakuombea palepale. Kukuamkia ningependa, ila umri wako siujui, na kumuuliza mtu mzima umri ni aibu. Kwa hiyo nimeacha nafasi hapa: .................. Kama umenizidi, jaza "shikamoo" yangu. Kama nimekuzidi, jaza yako, nami nimekwisha kuitikia marahaba.

Mimi ni yule fundi cherehani wa karibu na lango lako, na ni mwanafunzi wa darasa la watu wazima la saa kumi alasiri, dawati la mbele, penye dirisha lisilofunga. Niliacha shule darasa la nne mama alipougua. Sasa Mungu amenipa nafasi, nimerudi kumalizia kiporo changu. Mwalimu wetu, kama ujuavyo, ni kitinda mimba wangu. Nilimzaa mwenyewe, tena alitanguliza miguu.

Sasa umebandika tangazo mlangoni: mwalimu akiingia, kila mwanafunzi, awe na umri wowote, asimame aseme "Shikamoo, mwalimu", na asiyetaka abaki nje. Nimebaki nje siku nne. Hesabu za sehemu nazisikilizia dirishani, na Jumatatu ni mtihani. Nikiukosa nangoja mwaka mzima, na miaka yangu si ya kungojangoja. Ndiyo maana naandika, kwa heshima zote.

1. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Huyu nimemfunga nepi. Leo nikisimama nikamwamkia, siku ya kiyama nitamweleza nini marehemu mama yangu?

2. Nasikia ati mimi ndiye chanzo cha tangazo. Sikatai, uongo ni dhambi. Ni kweli siku ya kwanza nilimwambia, "Wewe Chovya, kamba ya kiatu imelegea, utaanguka!" Chovya ni jina lake la utotoni, maana hakuna kopo la sukari lililopona kidole chake. Darasa lilicheka mpaka mwenzetu muuza nyama akateleza chini ya dawati. Siku hizi wote wanamwita Mwalimu Chovya, hata mlinzi wako. Lakini ningenyamaza ili aanguke? Ni kweli pia kwamba nilimfuta chaki puani kwa mate na upindo wa kanga. Chaki ilikuwapo, mashahidi ninao.

3. Ananikosoa mbele za watu. Aliniuliza nusu ukijumlisha na robo ni ngapi, nikajibu mbili ya sita. Akanitia kosa jekundu, kubwa, bila hata kusema "pole, mama". Mimi nimekunywa uji wake wa kwanza aliopika, ulioungua mpaka ukanuka kwa jirani, nikamwambia mtamu.

4. Kwa hiyo naomba tangazo ligeuzwe. Mwalimu aliyezidiwa umri na wanafunzi wake abishe hodi, aseme "Shikamooni, wazee wangu," asimame mpaka aambiwe karibu. Makosa yetu ayaandike kwa penseli, tena kwa mkono mwepesi.

5. Na kwa kuwa haki ni kwa wote, kila mwalimu aje kazini na mama yake mzazi, apewe kiti nyuma ya darasa. Mwalimu akipayuka, mama yupo. Mwanafunzi akikosa adabu, mama yupo vilevile. Hata wewe, kama mama yako yu hai, atafutiwe kiti ofisini. Yeye ndiye angekukataza ngazi na goti hilo.

6. Hili nalisema kwako kama ndugu. Nyumbani pamekuwa pazito. Asubuhi ananiamkia, naitikia, halafu tunakunywa chai kimya kama mashahidi wa pande mbili. Juzi aliniambia, "Mama, ukiachiwa wewe, kesho muuza nyama naye atagoma. Nitafundisha madawati?" Nikamjibu, "Yafundishe hayo, hayana umri." Akaondoka chai ikiwa nusu kikombe. Toka siku hiyo hajanitania, na mimi mtoto huyu nimezoea kutaniwa naye.

Nakuombea afya njema. Nisalimie mkeo, walimu wote na mama zao, na mlinzi. Mwambie suruali yake iko tayari, nimemwongezea kiunoni kimyakimya.

Ni mimi mwanafunzi wako, wa nje kwa sasa,
Mama wa Mwalimu

Nyongeza: Barua ya ofisini haifai kwenda na makosa, kwa hiyo jana nilimpa Chovya aikague. Aliketi penye cherehani yangu akaisoma yote, hata ule uji. Akapata makosa kumi na tisa, akayaandika kwa penseli, na kila kosa pembeni yake "pole, mama". Kisha akachukua kipande cha kitambaa, akakikunja mara mbili, akasema, "Mama, nusu ina robo ngapi ndani yake?" Miaka thelathini nakata vitambaa nusu na robo, na sikuwahi kuiona: mbili! Ukiongeza ile moja, robo tatu! Niliruka kitini, na mdomo ukanitoka wenyewe: "Shikamoo, mwalimu!" Naye akaitikia "Marahaba!" kabla hajajiziba mdomo. Tulitazamana, tukacheka mpaka sindano zikamwagika.

Malalamiko sikuyafuta, maana mwandiko umetoka vizuri. Ila pale penye nukta usihangaike kupima umri. Jaza shikamoo yangu tu, na ya mwalimu wangu nitaisema mwenyewe. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumatatu, kama naweza kuingia ndani.