Kidari cha Meneja

Jumatatu, 17 Aprili 1978

Mzee Kornel anastaafu! Kasema mwenyewe leo saa nne, wakati wa chai, huku akifuta miwani kwa pindo la koti lake la kijivu. Mwisho wa mwezi anarudi Kibosho kwenye kahawa zake. Idara ya ukaguzi haitakuwa na msimamizi. Nikajimiminia chai ya pili.

Mimi Ebenezeri nagonga ndoo katika kiwanda hiki tangu Jumatatu ya kwanza baada ya Uhuru. Wengine hujaza ndoo maji, wakasubiri kuona kama inavuja. Mimi nagonga kitako kwa fundo la kidole, nasikiliza, basi. Ndoo nzima huitika. Inayovuja hukohoa. Sikio hili hana mwingine isipokuwa Dafroza, na yeye nilimfundisha mimi, kosa ninalolijutia kila siku.

Dafroza alikuja 1971 kufagia. Kufagia! Sasa ana cheti cha elimu ya watu wazima na kalamu mbili mfukoni. Mtu mwenye kalamu mbili hana imani na hata moja.

Mimi ni mtoto wa kati. Kaka mkubwa alikatiwa shamba, mdogo wetu wa mwisho akabaki na kihamba cha baba, migomba na nyumba yake, mimi nikapewa baraka. Kiwanda ndicho kihamba changu. Na koti lile la msimamizi ni langu. Marehemu mke wangu Aikande alipigilia msumari karibu na mlango mwaka 1969, akasema hapo ndipo litakapotundikwa. Msumari upo. Hatujawahi kutundika kitu kingine.

Jumatano, 19 Aprili

Mpango wa kwanza: kuonekana. Wajinga hudhani cheo huja kwa kazi. Cheo huja kwa kuonekana ukiwa kazini.

Nilifika getini saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua ya masika ikinimiminikia, nikasimama wima na ndoo mkononi ili Meneja anikute. Onesphory, mlinzi wetu, akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Nikanyoosha mgongo zaidi. Mtu anayelipwa kulinda geti na analala ameliegemea!

Saa tatu nikaambiwa Meneja yuko ofisini kitambo. Huingia kwa mlango wa nyuma. Kila siku, tangu ahamishiwe hapa. Huyu ndiye anayeongoza watu mia mbili: anaingia kiwandani kwake kama mwizi wa kuku.

Nikapiga chafya hadi saa sita. Masikio yakaziba. Nikapitisha ndoo nne zinazovuja. Dafroza alizirudisha kimya kimya upande wangu, hakumwambia mtu. Ujanja wa namna gani huu? Anayekuona umekosea na asiseme, huyo anakuwekea akiba.

Ijumaa, 21 Aprili

Mpango wa pili: mbuzi.

Jumapili nitachinja yule beberu mweupe. Nitasema ni kumuaga Mzee Kornel, kila mtu atasifu moyo wangu. Meneja nimemwalika. Alitazama kalenda, akatazama dari, akakubali. Mwanangu Elinipendo, mwalimu wa shule ya msingi, akauliza kidari kitakwenda kwa nani. Swali gani! Walimu huuliza yale wanayoyajua.

Ni kweli kwa mila yetu kidari ni cha mzee. Ni kweli pia kwamba Mzee Kornel ndiye aliyenishika mkono akaniingiza kiwandani, na siku ya harusi yangu alisimama mahali pa baba. Kila Krismasi kidari kilikuwa chake. Aikande alikifunga kwenye jani la mgomba, akakipeleka mwenyewe, na kabla sijamaliza kunoa kisu alikuwa ameshanikumbusha mara tatu. Krismasi hizi mbili bila yeye sikuchinja.

Lakini mzee anaondoka. Mtu anayeondoka ni kama ndoo iliyong'oka kishikio: unaipenda, lakini utaishika wapi? Barua ya cheo itasainiwa na Meneja. Kwa hiyo kidari ni cha Meneja. Nashangaa kwamba katika mlima huu mzima hakuna aliyewahi kufikiri hivyo kabla yangu.

Jumapili, 23 Aprili

Ushindi!

Mzee Kornel alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda karibu na moto, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Alikuwa amevaa koti la kijivu, Jumapili! Wazee hupenda kujionyesha. Mara mbili nilimwona akigusa mfuko wa ndani. Nikadhani ni ugoro.

Meneja alikuja na suti ya mikono mifupi na mkoba wa ngozi. Nimetaka siku zote kujua kuna nini ndani ya mkoba ule.

Nyama ilipoiva nikakibeba kidari kwa mikono miwili. Nikapita mbele ya Mzee Kornel. Nikakiweka mbele ya Meneja, nikatoa hotuba fupi kuhusu uongozi bora. Watu wote wakamgeukia Mzee Kornel. Hata mbwa wa jirani. Elinipendo akajifunika mdomo kwa kanga, nadhani kwa fahari.

Mzee nilimpa mbavu. Akashukuru, akasema mbavu zinamfaa mtu asiye na meno. Akamaliza mbege yake, akasema mvua inakuja, akaaga. Mbingu ilikuwa safi hadi kileleni mwa mlima! Mtu akizeeka hata mawingu humchanganya.

Meneja akaninong'oneza kwamba kwao ni Ukerewe, amekulia samaki, na harufu ya mbuzi humpa kichwa. Lakini hakukataa. Alikifunga kidari kwa gazeti, akakitia kwenye mkoba. Mkoba ulikuwa mtupu! Kumbe miaka yote hii.

Jumanne, 25 Aprili

Balaa.

Meneja, akirudi nyumbani ile Jumapili, alimkuta Dafroza barabarani akitoka kanisani. Akafungua mkoba, akampa kidari. Changu! Dafroza akauliza kimetoka wapi. Meneja akamweleza bila kuficha, maana mtu wa samaki hajui anachokisema.

Dafroza hakukipeleka kwake. Alitafuta jani la mgomba, akakifunga upya, akashuka nacho hadi Majengo, kwenye chumba anachopanga Mzee Kornel. Akapiga goti, akakitoa kwa mikono miwili, akasema: Shikamoo baba, hiki kilipotea njia.

Haya yote kaniambia Onesphory, ambaye amepanga nyumba hiyohiyo. Alicheka hadi akashika geti kwa mikono yote miwili. Ndiyo mara ya kwanza namwona akilishika.

Leo Mzee Kornel alipita mezani kwangu mara tatu. Mara zote tatu alisalimia ndoo.

Ijumaa, 28 Aprili

Mpango wa tatu, usioshindwa: isale. Nani asiyejua kwamba ukimpelekea Mchaga jani la isale kuomba radhi, hawezi kukataa, hata kama umemchomea nyumba? Nimekata jani kwenye ua wa nyumba yetu hapa Rau, refu, lisilo na doa. Nikamkuta mzee anafunga mizigo. Nikalitoa kwa mikono miwili. Safari hii nilikumbuka mikono ielekee kwa nani.

Akalipokea. Akanisamehe papo hapo. Kisha akatoa kwenye mfuko wa ndani karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa nisome. Barua kwa Meneja. Ilisema mtu wa kushika nafasi yake ni Ebenezeri, maana hakuna sikio kama lake. Tarehe ishirini na moja! Alikuja nayo kwenye mbuzi ile Jumapili, akitaka kumkabidhi Meneja mbele ya watu, baada ya nyama.

Nikasema basi amkabidhi sasa. Akasema Jumatatu alipeleka nyingine, yenye jina la Dafroza, na imeshajibiwa. Nikamuuliza kama isale haiwezi kuifuta na hiyo barua ya pili. Akasema isale huondoa kinyongo, haiendi ofisini.

Halafu akasema jambo. Akasema: Baba Elinipendo, nyama yenyewe siwezi kuitafuna. Aikande alijua. Alikuwa akikaa kidogo, ananikatia vipande vidogovidogo, tunaongea. Nilikuwa nasubiri nione kama bado kuna mtu wa kukileta kidari.

Nikatazama dirishani. Moshi wa jikoni za Majengo unaumiza macho sana.

Njiani nikapata nafuu. Mzee ana roho nzuri lakini mambo ya kazi hayaelewi. Ndiyo maana amestaafu na koti moja.

Jumatatu, 1 Mei

Mei Mosi. Tumeandamana nyuma ya ndoo kubwa ya bati iliyopakwa rangi ya bendera. Nilimwambia aliyeibeba kwamba inavuja. Akasema haitawekwa maji. Huo ndio ujamaa wetu: ndoo ya kutazama.

Meneja akatangaza. Dafroza akasimama katika koti jipya la kijivu, mikono imekunjwa mara mbili ndiyo vidole vionekane. Watu wakapiga makofi. Mimi pia, polepole, kwa heshima ya koti.

Baadaye akaja nilipokaa. Shikamoo baba. Akasema ndoo zinanisubiri kesho, na kwamba wiki ijayo wanakuja wakaguzi wapya sita, anaomba niwafundishe kugonga, maana yeye mwenyewe bado huwa anasikia kwa sikio langu. Nikamwambia nitafikiri. Anakiri hadharani kwamba hawezi! Kosa kubwa kwa kiongozi.

Lakini nina habari. Onesphory kasikia Meneja anahamishwa Julai. Anakuja mwingine, na watu wanasema anapenda mbuzi kuliko mshahara. Nimeshanunua beberu mdogo, mweusi, amefungwa nyuma ya nyumba anakula majani ya mgomba. Elinipendo akaniuliza, taratibu, kidari kitakwenda kwa nani. Nikamwambia asiingilie mambo ya kazi.

Msumari ulikuwa umelegea. Nimeupigilia upya.

Kidari nitakipeleka mwenyewe, kwa Meneja mpya, siku ileile atakayofika, kabla harufu haijapanda Kibosho.