Chifu, Wakataze Watu Kumwokoa Mtoto Wangu

Tabby Ngendo (Mama Theuri),
Boma la pili ukipita kituo cha maziwa,
Njia ya Mweiga.
8 Julai

Kwa Chifu Mutahi,
Ofisi ya Lokesheni.

Mheshimiwa Chifu,

KUH: KUZUIWA KUJITAYARISHA KWENDA FINLAND

Natumaini barua hii itakupata ukiwa na nguvu, wewe na Mama, na yule ng'ombe wenu aliyekuwa mgonjwa. Mimi si mtu wa kuandika barua. Masomo niliachia darasa la nane, kwa hivyo ukiona kosa, lirekebishe kimyakimya uendelee kusoma, maana shida yangu ni kubwa.

Mzee, mume wangu Moffat unamjua, wewe ndiye ulimwekea muhuri kwa fomu zake. Sasa yuko Finland mwaka mmoja na nusu, anatunza wazee kwa makao. Alituacha Theuri akiwa na wiki sita. Leo Theuri ana meno kumi na mawili, anatembea, na baba anamjua kwa simu tu. Akiona simu ya mtu yeyote anaiita baba. Karatasi zetu ziko karibu kuwa tayari, na Mungu akipenda tutamfuata Septemba.

Hofu yangu ni moja. Naogopa nifike huko nimwaibishe Moffat, ionekane ameoa mtu asiyejua kukaa na watu, halafu turudishwe mimi na mtoto tuanze tena kuongea na simu. Ndiyo maana kila kitu Moffat ananiambia kuhusu huko nakiandika kwa kitabu cha mazoezi, na nimeanza kukifanya nikiwa hapa nyumbani, ili siku ya kushuka kwa ndege mtu asijue mimi ni mgeni. Lakini majirani wamekataa nijifunze. Malalamiko yangu ni haya:

1. Salamu. Moffat alisema huko mtu hakusalimii kama hakujui, na hata akikujua anaangalia viatu vyake. Nikaanza Jumatatu. Nilipeleka maziwa nikiangalia viatu vyangu, nikapimiwa, nikaondoka. Chifu, kufika saa nne wanawake sita walikuwa kwangu kuuliza nani amekufa. Nduta, jirani wangu wa upande wa chini, alikuja na sukari na majani ya chai ya matanga. Nilipomwambia hakuna aliyekufa alinishika mkono akasema atangoja mpaka niwe tayari kusema.

2. Kusimama. Huko watu wakingoja basi kila mtu anasimama mbali na mwenzake. Nilijaribu pale stejini, lakini nikirudi nyuma hatua moja, Waweru wa bodaboda anasogea mbili, ati anaona kama nataka kuanguka. Tulianzia stejini tukamalizia kwa shamba la viazi la mwalimu.

3. Chai. Huko mtu akisema hataki, basi hataki. Nduta alikuja, nikamuuliza kama atakunywa chai, akasema nisijisumbue, ameshiba. Nikamwamini. Alikaa saa nzima akiiangalia chupa ya chai. Sasa kwa chama chetu cha wanawake inasemekana Finland imenifunga mkono kabla hata sijapanda ndege.

4. Ile ya kuoga mvuke pamoja, familia yote, bila nguo, nimeiruka. Nilimweleza tu mama mkwe wangu, Cucu Kabura. Alianza kuomba hapo hapo, na jioni pasta akaja.

5. Sasa hii ndiyo imenifanya nishike kalamu. Huko mtoto akilala mchana analazwa nje, hata theluji ikiwa inaanguka. Moffat alisema, "Wewe hebu fikiria hiyo," na mimi nikafikiria. Theluji hatuna, lakini tuko na Julai na upepo wa milima ya Aberdare, ni mwanzo mzuri. Kigari cha mtoto sina. Niliosha wilbaro, nikatandika godoro, nikamvika Theuri nguo za joto (mimi si mjinga), nikamlaza chini ya mti wa plamu. Nami nikakaa dirishani nikimtazama bila kupepesa jicho.

Hakumaliza dakika kumi. Nduta alipita, akamwinua, akamrudisha ndani. Mara ya pili nilimpata amevikwa sweta tatu ambazo si zake. Mara ya tatu wilbaro yote ilisukumwa hadi kwa Cucu Kabura, mtoto akiwa ndani anakula ndizi. Nilikuwa naona yote dirishani, lakini huko hawapigi kelele, kwa hivyo sikuweza kuita. Wiki moja, Chifu, mtoto wangu ameokolewa mara nne.

Cucu Kabura alinisimamisha mlangoni. "Mama Theuri," akasema, "huyu mtoto ulimzaa ama ulimpanda?" Sikumjibu, maana huko hawajibu haraka. Akafikiri nimemdharau, akalia. Na mimi nikalia, lakini nililia kama wa huko, bila sauti.

6. Uniwie radhi, la sita ni wewe. Ijumaa ulipita kwangu bila kupiga simu, ukaingia na gambuti miguuni, ukamtoa Theuri kwa wilbaro ukamrusha juu mpaka akacheka. Ilikuwa ni saa yake ya kulala. Ile ilikuwa mara ya nne.

Kwa hivyo naomba utangaze kwa baraza ya Alhamisi kwamba hadi Septemba hakuna mtu kunisalimia, na kwamba mtoto akiwa nje ni mtoto amelala, si mtoto ametupwa. Na kwa sababu najua hawatasikia, naomba kutoka kwa geti yangu hadi kwa tangi la maji pahesabiwe kuwa Finland, kwa muda tu. Nitaweka kamba. Anayetaka kuvuka aombe mapema, alete picha mbili ndogo, na angoje jibu vile sisi tunangoja. Cucu Kabura nitampa viza ya kuingia mara nyingi. Hilo likishindikana, basi lokesheni yote ihesabiwe hivyo. Ni miezi miwili tu, na hakuna mtu atahamishwa.

Nisalimie Mama, wazee wa nyumba kumi, askari wa ofisi yako, na watu wote wa kituo cha maziwa. Waambie nimewasalimia lakini wasinirudishie.

Ni mimi mwananchi wako hadi Septemba,
Tabby Ngendo.

Baada ya sahihi: Chifu, nilikuwa nakunja barua Moffat akapiga simu, nikamsomea yote. Alicheka sana. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Tabby, sikuwa nakufundisha. Nilikuwa nalalamika." Anasema huu mwaka mmoja na nusu hakuna mtu amemuuliza amelalaje. Kuna nyanya mmoja mzee wa hapo kwa ngazi za nyumba anayokaa, ambaye Moffat amemsalimia kila asubuhi tangu Krismasi. Juzi aliitikia, na Moffat akafika kazini akiwa amechelewa kwa furaha. Anataka tuje vile tulivyo, na Theuri aje na kelele yake yote.

Hii barua usiisome kwa baraza. Tangaza tu kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, waje kwangu tumpigie Moffat, kila mmoja amuulize amelalaje. Saa zao na zetu sasa ni sawa. Waje wote, hata wale hawamjui.